Siku Bibi Alipokunywa Habari Zake

Nimemwomba Mwenyezi Mungu subira tangu nikiwa msichana wa chuoni, na alhamdulillah amenipa. Nimesomesha watoto wa watu Juzuu Amma, kisha watoto wa watoto hao, na kazi ile haifanywi na mtu wa haraka. Lakini mwezi uliopita mjukuu wangu Rukia alinijia barazani nikichambua mchele, akanishikisha simu yake na kusema, "Bibi, kuna kitu chetu hapa, kimetoka Bombay." Tangu siku ile subira yangu imekuwa kama maji kwenye kifumbu. Namimina, yanapita.

Ilikuwa picha ya ukurasa wa gazeti la zamani, umekunjwa mara nne na kukunjuliwa, umeandikwa kwa herufi mfano wa zile za msahafu. Chini yake palikuwa na ujumbe. Aliyeutuma ni msichana mjukuu wa Munshi, jirani yetu wa zamani. Anaandika kitabu juu ya waandishi wa Kihindi waliokaa pwani zetu wakipeleka habari kwenye magazeti ya kwao, na babu yake ni mmoja wao. Ameuona ukurasa huu ambamo babu yake aliandika habari za mwanamke mmoja wa Wete, akauliza huku na kule mpaka akaelekezwa kwetu. Alikuwa ameweka tafsiri ya Kiswahili, lugha aliyoirithi kwa babu yake, na Rukia akanisomea. Alipofika katikati akasoma hivi: mama wa mwanamke huyo alinunuliwa bara, akaletwa Pemba kuchuma karafuu.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikausukuma ungo wa mchele pembeni.

"Bibi, mbona umenuna?"

"Sikununa. Nimechoka. Uongo huu una umri mkubwa kuliko mama yako, na bado una miguu ya kutembea."

Wenzangu mliokulia mtaa wa Jadida, hapa Wete, zama zile mtamkumbuka Munshi. Alikuja kutoka India kuwa karani wa mnunuzi wa karafuu, na jina la ukarani likamganda hata alipoacha ukarani. Nyumba yake ilitazamana na ya Bibi yangu aliyenilea, Bi Mchanga, na kati yao palikuwa na njia nyembamba ya mchanga. Kila asubuhi Munshi alikaa dirishani na kofia yake ya manyoya kichwani, hata jua likiwa linachoma vipi, akachovya kalamu kwenye wino na kuandika barua ya gazeti moja la Kiurdu la Bombay. Aliandika mvua, karafuu, harusi, misiba, nani kahiji na nani karudi. Barua ikaenda kwa meli, na baada ya muda mrefu gazeti likaja kwa meli, limefungwa kwa kamba ya katani, linanuka wino na dawa ya nondo. Mpaka leo nikifungua sanduku la nguo za Idi na harufu ile ya dawa ya nondo ikanipiga, namwona Munshi dirishani, na nahisi naulizwa kitu.

Maana kazi ya Munshi ilikuwa kuuliza. Haikuwezekana kumpa habari ikapokewa kama watu wanavyopokea habari.

"Munshi, nyangumi katupwa na bahari Kiuyu."

"Umeona au umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu."

"Shemeji yako ameona au amesikia?"

"Munshi, nyangumi ni nyangumi."

"Ameona?"

Akishamaliza kuuliza alikusomea ulichosema, neno kwa neno, na akakutaka ukiri kuwa ndicho. Watu wazima walikuwa wakizunguka nyuma ya msikiti ili wasipite dirishani kwake. Bibi alikuwa akisema, Mungu amsamehe, "Yule akifa, malaika wa kaburini, Munkar na Nakir, ndio watakaoulizwa."

Mimi sikumkwepa, kwa sababu nilimwona ni mtu mtakatifu. Nilikuwa chuoni kwa Maalim Faki, nimefika katikati ya Juzuu Amma, na nilikuwa nazijua herufi. Nilimwona Munshi akiandika kutoka kulia kwenda kushoto, alifu, lamu, mimu, herufi zetu zile zile, lakini nikijaribu kuunganisha sipati sura hata moja ninayoijua. Mtoto hakosi jibu. Niliamua kwamba anaandika juzuu ambazo sijazifikia. Kila siku juzuu mpya, bila kutazama msahafu. Nikaona Wete nzima haina mtu kama yeye.

Lililonikera ni kwamba magazeti yake yakishasomwa yalikwenda dukani kufungia halua. Chuoni tulifundishwa kwamba karatasi yenye herufi zile haikanyagwi. Unaiokota, unaibusu, unaiweka juu, kwa kuwa huenda ndani yake limo jina la Allah. Basi nikawa nakusanya karatasi za halua, zina mafuta na sisimizi, nazibusu na kuzichomeka kwenye nyufa za ukuta wa msikiti. Na si mimi peke yangu. Bibi mwenyewe alikuwa na ukurasa mzima juu ya mlango wake, ameubandika kwa uji wa unga, na kila akitoka alinyoosha mkono akaugusa na kupiga bismillahi.

Mwaka mmoja Munshi akataka kuandika habari za Bibi. Sijui kwa nini alimchagua yeye. Labda kwa kuwa alikuwa karibu na hakuweza kumkimbia. Lakini Bibi naye alikuwa na haja yake. Watu wa Bibi asili yao ni bara, na zama zile ilikuwa ukigombana na mtu kisimani, neno la kwanza atakalokutupia ni kwamba mama yako alinunuliwa. Alitupiwa neno hilo ujana wake wote. Siku chache kabla Munshi hajaja na kalamu yake, jirani mmoja alikuwa amelirusha tena, mbele ya watu, kwa sababu ya kuku aliyeingia uani. Bibi hakumjibu. Alipokuja Munshi akamwambia, "Nitakujibu yote utakayoniuliza, ila nataka jambo moja liandikwe na lipigwe chapa. Mama yangu hakununuliwa na mtu. Kaja mwenyewe."

"Umeona au umesikia?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mgongoni mwake."

"Kwa hiyo umeona."

"Nilikuwa nimelala."

Munshi akafuta, akaandika, akafuta. Siku kadhaa baada ya Laasiri alikaa barazani kwetu na maswali yake. Mama alitoka wapi. Alipita wapi. Alikuwa na nani. Alivuka bahari kwa chombo gani na nauli aliipata wapi.

"Kauza shanga zake."

"Shanga za wapi?"

Bibi akamtazama. "Munshi, una mke?"

"Ninaye."

"Basi nenda kamwulize." Kisha akaona haya kwa kuwa tayari ameshasema zaidi ya alivyotaka. "Na hizo shanga usiziandike kabisa. Andika kajilipia nauli. Basi."

Munshi alikuwa mtu wa ahadi. Akaandika: alijilipia nauli.

Kabla barua haijaondoka Bibi akashikwa na homa. Maalim Faki akamwandikia kombe, kama ilivyo desturi yetu: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji ya marashi na mgonjwa akayanywa. Siku ya pili Maalim akaitwa Kiuyu kwenye hitima, akasema atarudi baada ya siku tatu. Homa haikungoja. Asubuhi ya siku iliyofuata Bibi hakunijua. Aliniita kwa jina la mama yake. Nyumba ilikuwa mimi na yeye tu, jirani wa kuku hatusemeshani naye, na mganga wa hospitali nilimwogopa kwa ajili ya sindano.

Jua lilipofika utosini nikatazama ng'ambo ya njia. Munshi alikuwa amekwenda kusali Adhuhuri. Dirishani alikuwa ameacha kurasa zake zikauke, kurasa nyingi kuliko siku zote, zimewekewa jiwe juu. Juzuu nzima, nikaona, na sisi tulikuwa tunanyweshwa aya mbili tatu.

Nilizitia kwenye bakuli la udongo, nikamimina maji ya marashi yote yaliyobaki kwenye mrashi, nikazikamua kwa mikono kama mtu anayekamua tui. Wino ulitoka wote. Maji yakawa rangi ya bahari yenye kina. Nikampelekea.

"Nini hiki?"

"Kombe, Bibi."

"Mbona buluu?"

"Zafarani imekwisha."

Akanywa, masikini, akapiga alhamdulillah, akalala.

Munshi alirudi msikitini, akasimama dirishani muda mrefu. Aliinua jiwe akatazama chini yake. Kisha akavuka njia.

"Mize," aliniita, na sauti yake ilikuwa ya upole, "karatasi zangu umeziona au umesikia habari zake?"

"Nimeziona."

"Ziko wapi?"

"Tumboni mwa Bibi."

Nimeishi miaka mingi na sijaona tena uso wa mtu aliyepewa jibu sahihi namna ile na asipate faida nalo. Aliliona bakuli. Aliziona kurasa zake mle ndani, zimekuwa kama uji. Akaketi sakafuni mbele ya kitanda cha Bibi, kofia mkononi, na mara ya kwanza nikajua kwamba Munshi ana upara.

"Meli ni kesho," akasema. "Sina nakala. Maswali arubaini, na sina nakala."

Bibi alikuwa ameamka kwa sauti zetu. Midomo yake ilikuwa ya buluu. "Zilikuwa na nini hizo karatasi?"

"Zilikuwa na wewe, Bi Mchanga. Mama yako, safari yake, yote."

Nilidhani Bibi hakufahamu. Kisha kitanda kikaanza kutikisika, na nikaona anacheka, anacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Maneno yalitoka mdomoni mwangu, yamerudi mdomoni mwangu," akasema. "Sasa weye Munshi unadai nini?"

"Bi Mchanga."

"Kaa vizuri, lete karatasi nyingine. Uliza. Miye nshashiba."

Ikawa aulizwe upya, yote, alasiri moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilikaa kitandani karibu na kichwa chake, akaninong'oneza nami nikasema kwa sauti. Munshi hakunisamehe hata neno. "Umesikia?" Nimesikia. "Kwa nani?" Kwa Bibi. "Na yeye kwa nani?" Kwa mama yake. "Na mama yake?" Yeye ndiye aliyekuja. Nilichoka nikalia. Nilimchukia. Miaka baadaye nilipofundishwa hadithi za Mtume, sala na amani zimshukie, na jinsi maulamaa walivyokataa neno lolote lisilo na mlolongo wa waliolipokea, wenzangu waliona ni somo gumu. Mimi niliona ninamsikia Munshi.

Tulipofika kwenye nauli Bibi alinivuta sikio. Akaninong'oneza zilikuwa shanga za wapi, kisha akasema, "Hili lako. Usimwambie mwanamume." Nikanyanyua kichwa nikasema, "Alijilipia nauli," na Munshi akaandika. Barua ikaenda.

Usiku ule homa ikashuka. Shifaa ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, nimewaambia watu hivi kwa umri wangu wote, lakini kesho yake mjini walisema ni karatasi za Munshi. Wakaanza kuja mlangoni kwake na mabakuli.

"Hii ni habari ya mvua za vuli," Munshi alikuwa akiwaambia, ameikumbatia barua yake kifuani.

"Haidhuru, Munshi, mtoto ana mafua tu."

Maalim Faki aliporudi kutoka Kiuyu alikuta hali hiyo, akatukusanya chuoni akatueleza kwamba herufi ni vyombo tu, na chombo kimoja hutiwa maji ya zamzam na hicho hicho kikatiwa mchuzi. Kisha akaja kwetu akaitazama ile karatasi juu ya mlango. Alizisoma herufi moja moja, hakupata neno. Akaitwa Munshi.

"Hii inasema mafuta ya nywele," Munshi akasema. "Yanazuia mvi."

Bibi hakutaka ibanduliwe. "Imeshakaa," akasema. "Wala haikusema neno baya."

Aliishi mpaka karafuu za mwaka ule zikaanikwa, kisha Mola wake akamchukua. Gazeti lilifika baada ya hitima yake. Munshi aliniita dirishani anisomee, anageuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na sauti yake ilikuwa na furaha niliyoizoea. Halafu akarudi nyuma mistari miwili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Wameandika alinunuliwa."

"Nani kaandika?"

"Si mimi."

Aliwaandikia siku ile ile. Jibu lilikuja na meli ya baadaye, la adabu sana. Mhariri alisema ametengeneza palipokuwa na walakini, kwani mwanamke fukara wa bara angepata wapi nauli? Munshi alinisomea swali hilo mara mbili, akanitazama. Alikuwa anajua nusu ya jibu, nami najua yote, na sote wawili vinywa vyetu vilifungwa na ahadi kwa mtu aliyekwisha kufa. Aliandika masahihisho bila ushahidi. Kila meli ilipoondoka alipeleka, na kila gazeti lilipofika alilifungua pale pale njiani, akalipekua, akalikunja. Hayakutoka. Nilikuwa napandwa na hasira nikimwona. "Munshi, waandikie kwa wino mwekundu." Akasema wino mwekundu ni wa mhariri.

Mwisho aliondoka Pemba na watu wake. Siku ya kuaga alivuka njia akanipa kichupa cha wino kilichobaki, akasema, "Mize, nakala ya kwanza aliinywa Bibi yako. Ya pili wameiharibu. Ya tatu ni wewe. Usipotee."

Sikupotea. Ila hakuna aliyekuja kuniuliza, mpaka mwezi uliopita.

Nilimwambia Rukia ampigie yule msichana. Mtandao ulikatika mara tatu, na kila ukirudi tulianza upya salamu. Nikamwambia habari ile si kweli. Mama wa Bibi yangu hakununuliwa, alikuja kwa nauli yake.

"Bibi, samahani," akasema, "hili umeliona au umelisikia?"

Rukia akataka kucheka. Mimi niliishika simu ile kama ninayeshika sikio la mtu.

"Mwanangu, nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Hakuna. Ndivyo ninavyouliza."

"Nimesikia kwa Bibi yangu, aliyesikia kwa mama yake, ambaye ndiye aliyekuja."

Akanisomea nilichosema, neno kwa neno. Nikakiri ndicho. Nikadhani tumemaliza, alhamdulillah, nikainua kidole nikate.

"Lakini Bibi, kuna barua ya mhariri wa gazeti kwenye mafaili ya babu. Anauliza nauli ilitoka wapi. Wasomaji wangu nao watauliza."

"Kauza shanga zake."

"Shanga za wapi?"

Upande wa pili nilisikia ameiweka kalamu karatasini anangoja, na niliijua sauti ile ya kungoja. Bibi alinikataza nisimwambie mwanamume, na huyu si mwanamume, lakini kitabu kitasomwa na kila mtu. Nikapima. Ahadi ni deni mbele ya Mola wangu. Lakini niliona nikikutana na Bi Mchanga kesho Akhera, ataniuliza kwa nini, kwa ajili ya haya yake, nimeacha mama yake anunuliwe mara ya pili.

"Za kiunoni, mwanangu," nikasema. "Sasa andika."